Vidonge

Saa moja asubuhi, Kikinda, Januari.
Ukungu bado haujaamua
kama utaondoka au utashinda nasi.
Nainua mlango wa chuma wa duka la dawa kwa goti na bega,
na kabla sijawasha taa, natazama juu.

Wapo.
Bundi kwenye msonobari mkabala na mlango,
wamekaa kama soksi zilizosahaulika kambani.
Nawahesabu. Ni tabia mbaya, kama kung'ata kucha.
Jana thelathini na wanane. Leo arobaini na mmoja,
au arobaini, na yule wa pembeni ni kifundo cha tawi tu.

Wageni huja kwa basi, kamera ndefu kama mikono,
hunong'ona, husema ni muujiza,
kisha huingia kuniuliza choo kiko wapi.
Kwetu ni majirani tu wanaolala mchana
na kuchafua mabenchi.
Mzee Tihomir hutandika gazeti la juzi,
huikalia siasa yote,
hupanga kete za sataranji pande zote mbili,
ingawa yule wa upande wa pili
hajaonekana tangu majani yaanguke.

Shangazi Zagorka hapiti hapa.
Huzunguka nyuma ya kanisa,
hatua mia mbili zaidi kwa goti bovu,
maana bundi ni uchuro,
akilia juu ya paa, ndani kuna mtu anafungiwa safari.
Alimwona mmoja dirishani kwa baba
usiku ule wa Februari.
"Si nilikwambia?" alisema mazikoni,
kabla hata ya pole.

Nami nilimwona. Siwezi kukana.
Alitua ukingoni mwa dirisha,
masikio wima kama ya mtu anayesikiliza simu isiyo yake,
macho rangi ya chungwa,
na baba, siku mbili hajatamka neno,
akageuza kichwa, akasema: "Mfungulie."

Sikumfungulia.
Nje kulikuwa na nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Nikavuta blanketi, nikampa kidonge cha saa nne.
Ndiyo kazi niijuayo.

Tangu hapo napiga hesabu ileile:
bundi arobaini na mmoja, msiba mmoja.
Haikubali. Wale arobaini walimfuata nani?
Walifuata panya, najijibu, panya wa mashamba ya mahindi,
na miti hii inayokinga upepo.
Halafu usiku, nikitoka kumwaga takataka,
nasikia mbawa. Hapana, sisikii,
bundi haruki kwa kelele.
Nahisi tu hewa imesogezwa karibu na shavu,
na hesabu yote inamwagika.

Alhamisi watoto wa darasa la nne
huokota chini ya msonobari vidonge vya aina nyingine:
vya kijivu, vyepesi, manyoya yaliyoviringishwa juu ya mifupa,
vile bundi anavyovitapika akishashiba.
Mmoja wao, Ognjen, aliingia na kiganja wazi
akauliza kama nanunua.
Nikakiweka kwenye mizani ya unga wa dawa.
Gramu mbili na nusu.
Tukakifungua kwa kibano:
taya, mbavu kama nyuzi,
fuvu zima la panya
lililosafishwa kuliko chombo chochote humu ndani.
"Haumwi tumbo?"
Nikasema sidhani.
Akafikiri. "Basi dinari ngapi?"
Tukapatana kwa pipi mbili za koo.

Fuvu liko kwenye droo ya chini,
pamoja na dawa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.
Za baba zimo. Karatasi moja, vidonge sita.
Kanuni inanitaka niviteketeze.

Leo, nikiwa bado shingo juu,
yule niliyemdhania kifundo cha tawi
alifungua jicho moja.
Akaniangalia kwa kitambo kirefu,
kama karani anayetafuta jina kwenye orodha,
kisha akalifumba.

Nikawasha taa.
Zagorka alikuwa anavuka uwanja, kwa njia ya mkato,
kichwa chini, mwavuli wazi,
na mvua haikuwapo.